Bakshishi ya mhudumu mkahawani: ni zawadi, ni deni au ni rushwa?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, sheikh wangu. Mimi ni mtu wa Wete, sasa nafanya kazi Unguja. Alikuja binamu yangu anayeishi Marekani, akanichukua mimi na mke wangu tukala mkahawani Shangani. Bili ilikuwa shilingi 85,000. Akalipa, kisha akaacha 17,000 nyengine mezani. Anasema kule asiyeacha asilimia 20 huonekana hana adabu. Kwetu Pemba ukimtolea pesa aliyekupakulia chakula umemvunjia heshima. Tangu hapo, kila nikila nje na nisiache kitu, naona mhudumu ananuna. Juzi nilitoa 20,000 kwa bili ya 18,000, chenji haikurudi kabisa. Je, bakshishi ni lazima? Na ile hadithi ya mtu aliyesema "hii nimepewa zawadi", mhudumu hamo?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu yangu, bakshishi si lazima. Bei ya chakula ndiyo deni lako, na ukishailipa umetoka. Kinachozidi ni hiba, yaani zawadi, na hiba haina nguvu ila kwa radhi ya anayetoa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana.

Binamu yako naye hakukosea, kwani amekwenda kwa ada, yaani desturi, ya alikozoea. Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri, tangu 1991, kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na bakshishi ndiyo inayotarajiwa kumfikisha kwenye kima cha chini cha mshahara. Aliyekaa mezani kule akijua hayo, kisha akaondoka mkono mtupu, amemuacha mtu na njaa. Mafaqihi wetu wa Kishafii wanasema ada ni yenye kuhukumu. Lakini ada ya kule haihukumu huku. Anayekula urojo Darajani hadaiwi hata shilingi juu ya bei, na wa Shangani, ingawa wahudumu wamewazoea watalii, hajafungwa na asilimia yoyote.

Pakiwa na gharama ya huduma iliyoandikwa kwenye menyu na umeiona kabla ya kuagiza, hiyo ni sehemu ya bei, ilipe. Ikiibuka kwenye bili bila ya kuambiwa, una haki ya kuikataa.

Sasa hadithi uliyoitaja. Imo katika Bukhari na Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi akasema, hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza, kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama atapewa zawadi au la? Wapo wanazuoni wa zama zetu wanaoichukua hadithi hii kwa kila muajiriwa, na hoja yao si ndogo, kwani mhudumu naye angekaa kwao asingepewa kitu. Ninavyoona mimi, yule alikuwa ameshika haki za watu, na zawadi ingeweza kumfanya ampunguzie mtu zaka. Mhudumu anayepewa baada ya kazi, mwenye mkahawa akijua na kuridhia, hakupinda haki ya mtu. Lakini umpe noti ya 5,000 ili asiandike soda mbili kwenye bili, au akupe meza ya waliotangulia kusubiri, hapo mmeingia kwenye rushwa na khiyana, wewe na yeye.

Nimesema si lazima, na sitaki uishie hapo. Mtume amesema, katika hadithi ya Abu Huraira, kwamba mtumishi akimletea mmoja wetu chakula, basi kama hakumkalisha ale naye, ampe japo tonge moja au mbili, kwani yeye ndiye aliyeshughulikia joto lake na matengenezo yake. Angalia sababu iliyotajwa: joto. Ramadhani moja nilikuwa kwenye mkahawa wa Mji Mkongwe, adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Sote tukanyoosha mikono kwenye tende. Kijana aliyekuwa akituhudumia alitia tende moja mdomoni, akapiga funda la maji amesimama mlangoni, na kabla hajaimeza keshaitwa meza ya pili, trei ya bakuli za uji wa moto mkononi. Alifunga kama sisi, na futari yake ilikuwa ya mwisho. Kumpa mtu kama huyu 1,000 au 2,000 ni tonge ile ile. Mpe mkononi, kwa neno zuri, wala usimuite mbele ya watu waone unavyotoa, maana masimbulizi huharibu sadaka. Ukiwa huna, neno zuri peke yake linatosha, na akinuna, kosa ni lake.

Na jambo linaloniuma zaidi, ambalo hukuliuliza: baadhi ya wenye mikahawa huwanyang'anya wahudumu bakshishi zao usiku wakifunga hesabu. Hiba ikishapokewa ni mali ya aliyepewa. Kama walikubaliana tangu mwanzo kwamba zote zinatiwa kwenye kisanduku na kugawiwa hadi mpishi na muosha vyombo, hilo ni jema, kwani mpishi ndiye aliye karibu zaidi na moto. Ama kuichukua tu, au kumpunguzia mtu mshahara kwa kuwa "utapata kwa wateja", hiyo ni kula jasho la mtu.

Kuhusu chenji yako: Imamu Shafii ana kauli mashuhuri, kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi maneno. Ulinyamaza kwa haya, na haya si radhi. Mhudumu anatakiwa airejeshe chenji yote mezani, hata iwe 500, na akiachiwa ndipo achukue. Ile 2,000 bado ni yako. Ukitaka, rudi uidai kwa upole. Ukitaka kuisamehe, samehe, lakini pita umwambie kwamba umemsamehe, ili anachokula kiwe halali yake.

Wallahu aalam.