Kubadilisha rangi ya uzio wa mabati yaliyopakwa kiwandani: yaliyonipata Kigoma

Ndugu uliyeuliza kama uzio wa uani uliojengwa kwa mabati ya rangi unaweza kutolewa kwenye bluu na kuwa wa kijivu bila rangi mpya kubambuka, inawezekana, ila mimi nimelijua hilo baada ya kuupaka uzio mmoja mara mbili. Naishi Mwanga, Kigoma mjini. Uzio wangu una urefu wa mita 30 na kimo cha futi 6, na ulikuwa wa bluu iliyokoza kabla jua halijaufifisha.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2019. Fundi niliyempata aliufuta uzio kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akayasaga madoa ya kutu kwa grinda mpaka chuma kikang'aa, kisha akapiga koti mbili za rangi ya mafuta. Kazi ilipendeza, na majirani walikuja kuuliza bei. Mvua zilipoanza mwishoni mwa Oktoba rangi ilikuwa bado imeshika, lakini kufikia Januari ilikuwa inatoka vipande vipana kama kiganja. Nilikuwa tayari kwenda kugombana na muuza rangi, ndipo mke wangu alipookota kipande kimoja na kukigeuza: upande wa ndani ulikuwa na unga wa bluu, unga uleule aliokuwa akiulalamikia kila alipoanika kanga zake juu ya uzio. Rangi yetu mpya ilikuwa imeshika vumbi, na vumbi halikuwa limeshika kitu.

Unga huo hautokani na barabara. Bati la rangi ni chuma kilichofunikwa kwa zinki, au kwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, kikapakwa praima nyembamba, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, na juu yake rangi, ambayo mara nyingi ni ya poliesta, iliyookwa kwa joto kiwandani. Rangi hiyo ya juu kwa kawaida ina unene wa mikroni 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu moja za milimita, na jua linapoipiga miaka mingi, gundi iliyomo huvunjika na kuziachia chembe za rangi zikae juu kama chaki. Ukipitisha kiganja kwenye uzio wako na kikatoka na rangi, hapo hujafikia hatua ya kufungua kopo lolote.

Kwa hiyo mara ya pili, Julai 2020, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuosha. Kwanza tulikwangua rangi yote iliyolegea kwa kipande cha mbao ngumu, kwa sababu kisu cha chuma huchana mpaka kwenye zinki. Kisha tukaosha kwa sabuni ya unga na brashi laini, tukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, na tukasuuza kutoka juu kwenda chini. Kipimo changu kilikuwa kitambaa cheusi: nikifuta na kikarudi na weupe au bluu, tunarudia. Sehemu kubwa ya uzio iliridhika na kuoshwa mara mbili, lakini vipande vilivyo karibu na jiko la nje, ambako kwa miaka mingi tumekaanga migebuka kwa mawese, vilitaka mara nne, maana mafuta hayo huganda kwenye bati kama nta na hayaonekani mpaka maji yanapokataa kutulia juu yake. Mafuta ya taa hayaondoi uchafu wa namna hii. Huusambaza, na yenyewe huacha utelezi. Upande ulio chini ya mchikichi ulikuwa na ukungu wa kijani, tukautibu kwa jiki iliyochanganywa na maji mengi, tukausuuza papo hapo kwa sababu jiki ikikaa hula zinki. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.

Baada ya kukauka, tulipitisha msasa laini namba 320 kwa mkono mwepesi. Nia ni kuondoa mng'ao ili rangi mpya ipate pa kung'ang'ania. Anayekuambia uondoe rangi yote ya kiwandani anakupoteza, kwani ile iliyobaki imara ndiyo praima bora kuliko yoyote utakayonunua.

Kutu ni habari nyingine, na hapa ndipo grinda ya mwaka 2019 ilipotugharimu. Zinki hukilinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza, kwa hiyo ukiisaga umeondoa mlinzi, na yale madoa yaliyong'arishwa ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kugeuka kahawia. Safari hii tulitumia brashi ya waya juu ya doa lenyewe tu, tukapaka praima ya kuzuia kutu siku ileile kabla ya umande wa usiku. Mafundi wengi hapa kwetu hupaka redi oksaidi, ile praima nyekundu ya mafuta, uzio mzima kwa tahadhari. Siyapendi mazoea hayo. Praima ya mafuta ikikaa juu ya zinki iliyo wazi, mafuta yake na zinki hutengeneza kitu cha namna ya sabuni katikati, na baada ya muda rangi hujivua. Mahali palipobaki zinki tupu, tumia praima iliyoandikwa kwamba ni ya mabati yenye zinki.

Kwa rangi ya juu nilichagua ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya paa na mabati. Rangi ya mafuta hung'aa zaidi siku ya kwanza, ila huendelea kukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na bati halitulii: karatasi ya mita 3 ikipanda joto kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na alasiri hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu. Rangi iliyokakamaa haifuati mwendo huo.

Kabla ya kununua rangi yote, paka kipande cha futi moja mahali pasipoonekana, usubiri wiki moja, ukate alama ya msalaba kwa wembe, ubandike selotepu kwa nguvu na kuivuta kwa ghafla. Selotepu ikitoka na rangi, rudi kwenye ndoo ya sabuni.

Kuhusu saa za kupaka, usifuate ratiba ya mtu wa Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi zaidi ilhali saa zetu ni zilezile, hivyo jua letu huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya lao na umande hukawia kukauka. Tulianza saa mbili na nusu asubuhi upande unaotazama magharibi, tukahamia upande wa mashariki alasiri, tukifuata kivuli, kwa sababu juu ya bati la moto rangi hukauka kabla brashi haijaisawazisha. Tuliacha saa kumi na nusu. Usingoje Agosti mwishoni, maana mioto ya nyasi huleta masizi yanayotua kwenye rangi mbichi.

Uso mmoja wa uzio wangu ni kama mita za mraba 55, na migongo ya bati huongeza kidogo, kwa hiyo nilihesabu 60. Lita moja ilinipa mita za mraba 10 hivi kwa koti moja. Koti mbili zilikula lita 12 kwa kila uso. Kijivu kilifunika bluu kwa koti mbili. Kama ungetaka krimu, ningekuambia ununue rangi ya koti ya tatu.

Umetaja pia kwamba mabati yako yameanza kuoza chini. Hilo rangi haiponyi. Makali yaliyokatwa yakigusa udongo wenye unyevu hulika hata ukiyapaka kila mwaka. Mimi nilichimba udongo uliorundikana, nikaacha nafasi ya vidole vinne, na pale kuku walipopita nikapanga mstari wa matofali ya kuchoma.

Uzio umepita misimu kadhaa ya mvua tangu hapo. Umebambuka mahali pawili: pale makuti ya mchikichi yanapoukwaruza upepo wa ziwa unapovuma, na karatasi moja nyuma ya jiko, ambayo nakumbuka niliiosha jioni nikiwa nimechoka, wala sikuipitishia kitambaa cheusi.