Kwa maluteni wapya wa mbio ndefu za farasi

Ijumaa tena nimeshuhudia yale yale. Maluteni wameingia kituo cha kwanza cha ukaguzi kwa shoti, wanapungia kamera, kisha wamekwama wanamwagia farasi maji na mpigo wa moyo haushuki, huku wale walioachwa nyuma wanaingia kwa daktari wa farasi na kuondoka. Jamani! Someni basi.

1. Ingieni kituo mkitembea. Saa ya kipande cha mbio haisimami ukivuka mstari, inasimama ukimkabidhi farasi kwa ukaguzi, mpigo ukiwa haujazidi 64 kwa dakika. Mnalijua hili, mpaka muone vumbi la kikosi kingine.

2. Msikilizeni mtunza farasi, hata kama cheo chake ni kidogo. Nilipokuwa nahodha, hapa hapa Oman, nilipanda jike wa kijivu asiyejua kukataa. Kituo cha pili sajenti wetu, mzee wa Kipemba, akaninong'oneza: "Afande, huyu mguu wa mbele kushoto anauonea haya." Nikaupapasa, hauna joto. Nikamjibu kwa sauti ya gwaride kwamba daktari kampitisha. Kweli alikuwa kampitisha. Kwenye changarawe za wadi, bonde kavu la mto, nikasikia mwendo wake wa matiti, ile mbio ndogo, umebadilika, hatua moja nzito, ya pili nyepesi. Nilisikia vizuri kabisa. Nikajiambia ni mawe. Nikahamisha uzito wangu, nikamwimbia, nikajidanganya mpaka wadi ikaisha, kwa sababu mbele yangu alikuwepo kanali nami nilitaka anione nikimpita. Nikampita. Kituoni, alipokimbizwa mbele ya madaktari, kichwa kilipanda na kushuka kila hatua. Ukano ulikuwa umechanika, na hakutandikwa tena maisha yake yote. Sajenti akasema tu, "Haya, afande," akamshika hatamu, akampeleka kwenye lori. Kwa miezi hakunisemesha ila la kazi.

3. Farasi asiyekunywa maji msimlishe chumvi. Na viatu vipya havijaribiwi siku ya mbio.

4. Msinisimulie ushujaa wa maofisa wa zamani. Oktoba 1892 Wajerumani walitoka Berlin kwenda Vienna, wenzao wa Austria-Hungaria wakatoka Vienna kwenda Berlin, kama kilomita 580. Mshindi, Starhemberg wa Austria, alitumia saa zisizofika 72, na farasi wake Athos akafa baada ya kufika. Hakuwa peke yake, wengi walikufa katika safari ile. Njiani hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia afisa, "Shuka, umemaliza." Ninyi mnaye, na bado mnabishana naye! Ijumaa hiyo hiyo mmoja wenu alimwuliza daktari kama anajua yeye ni wa kikosi gani. Daktari alijua. Akaandika "anachechemea", akaita farasi anayefuata.