Barua kwa mwanangu: kabla hujafunga begi

Newala, Mtwara

Mwanangu,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara tatu. Unasema kazi ya chuo ulikusanya, mwalimu anadai ulichelewa, na wenzako mliokusanya pamoja alama wamepata. Unauliza, "Mama, nasoma kwa ajili ya nini? Nirudi?"

Usirudi.

Ulipokuwa darasa la sita nilipeleka magunia matatu ya korosho ghalani. Nilizianika mpaka ukizitikisa zinalia, nikachambua mojamoja na bibi yako. Karani akatia mkono juujuu, akaandika daraja la pili. Aliyenifuata zake hazikukauka, akapewa la kwanza. Nilitaka kuzibeba usiku uleule niwapelekee watu wa kangomba, wale wanaonunua kwa kificho nje ya ghala. Kangomba unaijua: fedha mkononi, lakini bakuli lao la kupimia linazidi kilo na bei ni ya kutupa. Kurudi kwako sasa ni kangomba, mwanangu. Miaka miwili ya kusoma unataka kuipimisha kwa bakuli la mtu kwa sababu una hasira.

Bibi yako alinizuia. Asubuhi nikarudi na karatasi yangu, nikaomba zipasuliwe mbele yangu zihesabiwe. Magunia mawili yakabadilishwa daraja. La tatu likabaki vilevile, na mpaka leo linaniuma, sikufichi.

Karatasi yako wewe ni ipi? Kama kazi ulituma kwa barua pepe, siku na saa vimo. Kama ulimpa kiongozi wa darasa, aandike kwamba aliipokea. Mwandikie mkuu wa idara. Tabia za mwalimu ziache, hata kama unazo za kujaza daftari. Taja tarehe tu, ubaki na nakala. Na uliza leo rufaa ina siku ngapi, maana zikipita hawakusikilizi. Wakikataa, basi ni sapu, mtihani wa marudio, ya somo moja, utaifanya.

Kinachonitisha zaidi ni hilo la kutolala wiki mbili na kula mara moja kwa siku. Alama hazinitishi hivyo. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi kesho, kabla hata ya hiyo barua. Sisi huku tukizidiwa tunakwenda kukaa barazani kwa jirani. Wewe huko jirani yako ndiye huyo.

Nipigie jioni unisomee barua kabla hujaipeleka. Mchana nitakuwa nimelala, tunapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, alfajiri siku hizi, upepo ukianza haishiki majani.

Mama yako