Maswali na majibu: biashara ya barafu kwenye reli ndogo za mezani

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu barafu ya Marekani, ile iliyopoza mabehewa ya matunda na nyama kabla mashine hazijaichukua kazi hiyo. Nimefurahi sana. Sijui biashara nyingine inayoipa treni ndogo sababu nzuri kama hii ya kusimama.

Shikamoo fundi. Reli yangu ni HO, kipimo cha 1 kwa 87, nayo inaigiza California ya mwaka 1950. Nijenge ghala la barafu ya ziwani au kiwanda?

Marahaba. Jenga kiwanda. Barafu ya ziwani, iliyokatwa majira ya baridi, ilistawi kaskazini mashariki mwa Marekani, alikotoka mfanyabiashara wa barafu Frederic Tudor wa Boston, aliyepeleka shehena yake ya kwanza Martinique mwaka 1806. Katika California ya 1950 barafu iligandishwa viwandani, na Pacific Fruit Express, kampuni ya mabehewa ya matunda, ilikuwa na kiwanda kikubwa mno pale Roseville. Mabehewa yake yenye ubavu wa rangi ya chungwa ndiyo yapange mstari kwenye jukwaa lako la kujazia barafu.

Jukwaa liwe na urefu gani? Meza yangu ni mita mbili tu.

Mabehewa manne yanatosha. Behewa la futi 40 ni sentimita 14 kwa kipimo cha 1 kwa 87, kwa hiyo tenga kama sentimita 60. Kiwanda chenyewe kiwe ukuta wa mbele tu, ubandikwe kwenye mandhari ya nyuma.

Kimo ndicho cha kuangalia zaidi. Sakafu ya jukwaa ikaribiane na paa la behewa, maana barafu iliingizwa kwa juu, kupitia vifuniko viwili kila ncha. Katikati ya jukwaa pitisha mnyororo wa kusukuma mabonge, na wasimamishe wafanyakazi wenye fito za kulabu. Kisha shuka chini kwenye reli, mahali ambapo wengi hawapagusi. Barafu ya mabehewa ya nyama ilichanganywa na chumvi ili baridi iongezeke, na maji yake ya chumvi yalidondoka njia nzima yakila chuma. Paka kutu nzito hapo, na mataruma yawe meusi kwa unyevu.

Mabonge yangu ya kadibodi yanaonekana kama vipande vya sabuni. Nifanyeje?

Nunua rula ya shule ya plastiki angavu, yenye unene wa milimita 3. Bonge la kiwandani la ratili 300 lilikuwa takriban sentimita 28 kwa 56 kwa 112, kwa hiyo kata vipande vya milimita 6 kwa 13. Lainisha kingo kwa msasa, kisha ubavuni pitisha mstari hafifu mweupe. Maji ya kwenye kopo la kugandishia yaliganda kuanzia nje, hewa ikasukumwa katikati, na kiini cha bonge kikabaki na ukungu. Malizia kwa vanishi ing'aayo.

Mimi napenda New York ya 1900, farasi na wakata barafu. Ila mandhari yangu ni ya kiangazi.

Dada, waache farasi. Mavuno ya barafu ziwani yalikuwa ya Januari na Februari, na kipande kimoja cha theluji katikati ya majani mabichi kitaharibu meza nzima. Jenga ghala likitoa barafu yake: jengo kubwa la mbao lisilo na madirisha, kuta mbili zenye vumbi la mbao katikati, rangi nyeupe ya kurudisha jua, na milango myembamba inayopanda hadi darini. Ukiwa na nafasi ya maji, ongeza tishari. Barafu ya ziwa la Rockland Lake ilishushwa kwa reli ya mteremko hadi Mto Hudson, ikasafirishwa kwa matishari hadi jijini New York.

Kiwanda kinapokea mizigo gani?

Behewa la chumvi mara kwa mara, na makaa kama mashine ni za mvuke. Lakini kazi kubwa ni mabehewa ya matunda yenyewe. Behewa tupu huja kujazwa barafu kabla ya kwenda kwa wapakiaji, kisha hurudi na mzigo kuongezwa iliyopungua.