Diwani aliyeapa msikitini: je, tumwite munafiki?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Ramadhani ya mwaka juzi diwani wetu alisimama msikitini baada ya tarawehe akasema, "Wallahi, kisima kitachimbwa kabla ya Idi." Mpaka leo akina mama wanabeba madumu alfajiri, naye anasema hakuahidi kitu. Je, inafaa kumwita munafiki?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mtume (s.a.w.) amesema alama za munafiki ni tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, na akiaminiwa hufanya hiyana (Bukhari na Muslim). Ila wanazuoni wametenganisha unafiki wa itikadi, yaani kuficha ukafiri moyoni, na unafiki wa vitendo, ambao ni dhambi kubwa lakini haumtoi mtu katika Uislamu. Basi sema, "Amefanya kitendo cha wanafiki," na moyo wake mwachie Mola wake. Sayyidna Umar, pamoja na daraja yake, alimuuliza Hudhayfa, sahaba aliyeambiwa na Mtume majina ya wanafiki kwa siri, kama yeye Umar ametajwa miongoni mwa wanafiki. Sembuse mimi na wewe kuligawa jina hilo mitaani!

Kama aliahidi kwa nia ya kweli, kisha fedha zikakosekana, ana udhuru. Kukana mbele ya watu waliomsikia hakuna udhuru. Na kiapo bado kiko shingoni mwake: alishe maskini 10 au awavishe, na asiyeweza afunge siku 3 (Al-Maida, aya ya 89). Kafara hiyo haifuti uongo.

Sasa niulize nami. Akija, nani humtengea nafasi safu ya mbele? Nani hupokea bahasha, akamwombea dua kwa sauti, kisha akamsema barazani? Watu walimwambia sahaba Abdullah bin Umar, "Tunaingia kwa watawala wetu tukawaambia kinyume cha tunayoyasema tukitoka." Akajibu, "Tulikuwa tukilihesabu hilo kuwa ni unafiki" (Bukhari). Kauli hii ya sahaba inaniuma, maana inatugusa sisi maimamu kabla ya waumini.

Wazee wawili watatu wamfuate wamkumbushe faraghani, kwa adabu. Akishikilia kukana, waliokuwepo waseme walichosikia bila kuongeza wala kupunguza. Huo ni ushahidi, si kusengenya. Na akileta bahasha uchaguzi ukikaribia, mrudishieni mkononi mwake.

Wallahu aalam.