Mkwara humwingia anayekutazama

Wiki hii nimepokea maswali matano, yote ya poka ya mashindano, mengi yakihusu mkwara, yaani kuweka dau ukiwa na karata mbovu ili wengine watupe zao.

Swali (Ntinda, Kampala): Mwalimu, mimi ni mbanaji, nasubiri karata nzuri tu. Natupa karata saa nzima, lakini nikipiga mkwara watu wananifuata tu, wanaweka dau sawa na langu. Kwa nini?

Jibu: Kaka, huenda hakuna aliyekuona ukibana. Sifa yako mezani imo kichwani mwa yule aliyekuwa akikutazama ukitupa hizo karata. Anayefuatilia mpira kwenye simu hajui kama umekaa kimya saa nzima au umefika sasa hivi. Huyo usimpigie mkwara. Mtafute anayeinua macho kila chipu zinapoingia katikati. Juzi nilikaa na mama mmoja aliyetupa karata kwa muda wa karibu saa mbili, akipanga chipu zake kumi kumi. Aliponyoosha mkono kwenye rundo, wanaume wawili waliokuwa wakimwangalia walitupa karata kabla hajamaliza kuhesabu. Wa tatu alikuwa akiagiza soda. Huyo akafuata.

Kisha kuna hesabu. Katikati kukiwa na 10,000 nawe ukaweka 5,000, mkwara ukifaulu mara 1 katika 3 hupati hasara. Ukiweka 10,000, lazima ufaulu mara 1 katika 2. Mbanaji huaminika hata kwa dau dogo, kwa hiyo sioni sababu ya kurusha chipu zote. Na uanze mapema: mtu wa aina yako akiwa na karata nzuri hupandisha tangu mwanzo. Ukifuata kimya kimya halafu ukalipuka kwenye karata ya mwisho, kila mtu atashtuka.

Swali (Jinja): Nina miaka 22. Naweza kuingia kasino kushindana?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25. Cheza matatu, ule mchezo wa karata, na wenzako, bila pesa. Hata huko utajifunza kusoma watu.

Swali (Mbarara): Nilinaswa na mkwara mbele ya meza nzima. Nifanyeje?

Jibu: Usione haya. Acha mkwara kwenye meza hiyo, ngoja karata za kweli, kisha weka dau kubwa kuliko kawaida yako. Watakufuata hata na jozi ndogo. Wengi hupiga mkwara wa pili ili kufuta aibu ya kwanza, na inaniuma kila ninapoona hivyo. Ukihamishiwa meza nyingine, unaanza upya.

Swali (Arua): Ni kweli Moneymaker alipata ubingwa wa dunia wa poka kwa mkwara?

Jibu: Mkwara ulimfungulia njia. Las Vegas, 2003, kati ya washindani 839 walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa. Moneymaker alishika mfalme na saba, hana hata jozi, akaweka chipu zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Akafikiri sana, akatupa. Ubingwa wenyewe ulikuja baadaye, kwa karata za kweli.

Swali (Gulu): Tumebaki 10, wanaolipwa ni 9. Nimpigie nani mkwara?

Jibu: Mwenye rundo la wastani, ikiwa lako ni kubwa kuliko lake. Huyo ana cha kupoteza. Aliyebakiwa na chipu chache atafuata kwa kukata tamaa, na mwenye rundo kubwa kuliko lako anaweza kukutoa.