Maswali na majibu: nyonga inayoanza kulika kwa watu wa mazoezi

Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Linapoanza kulika, halisemi. Kinachosema ni mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo na misuli inayokizunguka, na mara nyingi nyonga huanza kukakamaa kabla ya kuuma sana. Maswali ya wasomaji hapa yanahusu kipindi hicho cha mwanzo cha ugonjwa wa kulika kwa gegedu la nyonga, ambapo bado kuna mengi ya kufanya.

Kinena kinaniuma baada ya kila mechi, huu ni mwezi wa tatu. Naambiwa msuli umevutika. Nitajuaje kama ni nyonga yenyewe?

Anza na mahali panapouma. Kiungo cha nyonga kimejificha ndani, nyuma ya mkunjo wa kinena. Si lile fupa unaloligusa pembeni mwa paja. Kwa hiyo nyonga yenyewe huuma kinenani, na maumivu huweza kuteremka mbele ya paja hadi gotini. Wapo wanaotibiwa goti muda mrefu ilhali tatizo liko juu. Mwenye nyonga inayouma, ukimwambia aonyeshe, mara nyingi hulishika eneo lote kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vingine kinenani, badala ya kunyoosha kidole sehemu moja.

Msuli wa ndani ya paja una tabia tofauti. Weka ngumi katikati ya magoti, bana kwa nguvu: ukiumia pale pale msuli unapoanzia kwenye mfupa wa kinena, mshuku msuli. Maumivu ya pembeni yanayozidi ukilalia ubavu huo kwa kawaida ni ya kano za misuli ya makalio. Ya nyuma, kwenye kalio, mara nyingi hutoka mgongoni.

Kisha tazama mambo madogo ya kila siku: kuvaa soksi, kukata kucha za miguu, kuingia kwenye gari, hatua kuwa fupi upande mmoja. Kukakamaa asubuhi kunakoisha ndani ya nusu saa na maumivu yanayofuata shughuli vinaelekea kwenye ugonjwa huu, hasa kwa aliyefikisha miaka 45. Kinena kinachouma miezi mitatu bila kupoa kinastahili kupimwa, hata kama una miaka 25.

Kuna kipimo ninachoweza kujifanyia nyumbani?

Kipo, na ni kizuri, kwa sababu mzunguko wa paja kwa ndani ndio hupungua mapema. Kaa kwenye meza imara, miguu ining'inie, magoti yakiwa nyuzi 90. Shika paja lisisogee, kisha mtu akusukumie unyayo polepole kuelekea nje. Unyayo ukienda nje, paja linazunguka ndani. Weka simu yenye programu ya kupima mwinamo kwenye mfupa wa muundi usome nyuzi, ukianzia mguu ukiwa wima.

Watu wengi hufika kati ya nyuzi 30 na 40. Chini ya 15, au upande mmoja kupungua wazi kuliko mwingine huku kinena kikiuma, nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kosa la kawaida ni kalio la upande huo kunyanyuka, na hapo namba inapanda kwa uongo. Makalio yote mawili yabaki mezani. Pia wapo waliozaliwa na mzunguko mdogo pande zote mbili na hawaumwi. Cha kuangalia ni mabadiliko, tofauti ya pande na maumivu, kwa hiyo andika vipimo vyako na urudie kila baada ya miezi mitatu.

Je, kukimbia kunaisaga nyonga?

Kwa mkimbiaji wa kawaida, ushahidi hauonyeshi hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2017 ulikuta ugonjwa huu wa kulika, kwenye nyonga au goti, kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya na burudani, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba mbio ni kinga, maana wenye maumivu huacha kukimbia wakahesabiwa upande mwingine. Lakini zinatosha kuondoa hofu. Gegedu hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Kulipumzisha moja kwa moja kunalidhoofisha.

Kama kinena kimeanza kulalamika, usiache mbio kabla hujabadilisha hatua. Ongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi: aliyekuwa na 160 aende 168 hadi 176. Hatua ikifupika, mzigo wa nyonga hupungua. Punguza vilima na mbio za kasi kwanza, umbali baadaye.

Eksirei imeonyesha kila kitu ni sawa. Nisiwe na wasiwasi?

Eksirei haionyeshi gegedu. Inaonyesha nafasi iliyopo kati ya mifupa. Nafasi ikishuka hadi milimita 2 au chini, ulikaji hauko mwanzoni tena. Picha safi haifuti dalili, na picha mbaya kwa asiyeumwa haimwamrishi aache michezo. Kinachofaa ni picha ya mbele ya nyonga zote mbili ukiwa umesimama, pamoja na ya pembeni inayoonyesha umbo la shingo ya fupa la paja. Omba daktari atazame pia kama kikombe cha nyonga, yaani tundu linaloshika kichwa cha fupa la paja, hakina kina cha kutosha, kwa kuwa kasoro hiyo huwapata vijana na hupitwa kirahisi.

Nifanye mazoezi gani?

Ya nguvu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 kabla ya kuamua kama yanasaidia. Lala chali, magoti yakunjwe, inua makalio. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa nyuma kidogo ya mstari wa mwili. Vidole vikielekea juu, misuli ya mbele inapora kazi na ya makalio haipati kitu. Panda kidato cha sentimita 15 hadi 20 na ushuke kwa sekunde tatu. Inuka kitini bila mikono. Kila zoezi seti 3 za marudio 8 hadi 12, ukiacha ukiwa na nguvu ya marudio mawili zaidi. Marudio 12 yakiwa mepesi siku mbili mfululizo, ongeza uzito.

Maumivu hadi 5 kati ya 10 yanavumilika, mradi kesho yake yamerudi yalivyokuwa. Yakizidi saa 24, punguza uzito au kina, usiache.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuvuta nyonga iliyokakamaa kwa nguvu. Goti likivutwa kifuani au ukichuchumaa hadi chini kabisa, mifupa hubanana mbele na kinena huwaka. Hapo kinachozuia ni mfupa, na mfupa haunyooshwi. Ishia kina kisichouma. Waendesha baiskeli, pandisheni kiti kidogo ili paja lisikunjwe sana.

Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama kirutubisho cha viungo, vinasaidia?

Okoa fedha zako. Utafiti wa Uholanzi wa 2008 uliwafuata watu 222 wenye nyonga inayolika kwa miaka 2. Miligramu 1,500 kwa siku hazikushinda kidonge kisicho na dawa.

Mwanangu ana miaka 13 na anacheza soka kila siku katika timu mbili. Kuna hatari?

Ipo moja. Mazoezi makali wakati mifupa bado inakua huweza kujenga kinundu kwenye shingo ya fupa la paja, ambacho baadaye hugonga ukingo wa kikombe cha nyonga. Wengi wenye kinundu hawapati ugonjwa, ila hatari yao ni kubwa zaidi. Saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wake, yaani 13, apumzike angalau siku moja, na timu ya pili isubiri.

Ni lini nisisubiri?

Mkimbiaji anayeumia kinenani kila akikanyaga, hasa akiwa ameongeza mazoezi ghafla, aache kukimbia leo. Huenda shingo ya fupa la paja ina ufa, na eksirei ya wiki za mwanzo huweza kuukosa. Hapo kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kinahitajika. Mwenye seli mundu, aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu au anayekunywa pombe nyingi achunguzwe mapema, kwa kuwa kichwa cha fupa huweza kufa kwa kukosa damu. Homa pamoja na nyonga isiyogusika ni dharura ya siku hiyo hiyo.